Futari ya Uongo na Kipimo cha Utumbo

Kuze, Jumatano, 1997

Jua limewaka tangu asubuhi, nina njaa, na nimekasirika. Naandika hivyo makusudi, nisije kesho nikajidanganya kwamba leo nilikuwa mpole.

Sijatia kitu kigumu mdomoni kutwa nzima. Maji, sturungi, yaani chai isiyo na maziwa, na dafu moja, basi. Kesho saa mbili natakiwa hospitali nikapimwe utumbo mpana kwa ule mpira mwembamba wenye kamera. Unaingizwa nyuma. Haya, nishaandika, na kalamu haikuvunjika.

Na siumwi. Hili ndilo linalowakera watu.

Muhula uliopita daktari alikuja shuleni kwetu Tononoka kuzungumza na walimu. Alisema saratani ya utumbo aghalabu huanza na kinyama kidogo kisichouma, kinaweza kukaa humo miaka bila mwenyewe kujua, na aliyepita hamsini ni afadhali atazamwe angali mzima, awe na mgonjwa kwao au asiwe naye. Kikionekana mapema hukatwa, yakaisha. Walimu wanaume waliibana midomo wasicheke. Mimi nina miaka hamsini na mbili, na mwaka juzi nilimwosha dada yangu Mwanamisi kwa mikono yangu hii kabla hajavishwa sanda. Miezi minane alikuwa akisema ni gesi. Alikunywa habasoda, akakandwa tumbo, akaona haya kumwambia mtu kwamba anatoka damu. Alipokubali kwenda hospitali, madaktari hawakuwa na la kufanya ila kumpa dawa ya maumivu.

Kwa hiyo nilijiandikisha. Lakini nikajiandikisha kama mwizi.

Hii kesho ni mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa wiki mbili zilizopita, na niliiharibu mwenyewe. Niliambiwa nishinde bila kula, na jioni ninywe haluli nisafishe tumbo. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Jirani yangu Bi Zuhura aliponiona sili, akaniuliza, nami kwa haya nikamwambia nimefunga sunna. Jumatatu watu wengi hufunga. Nani angeshuku?

Ee, uongo nao una njia zake! Magharibi ilipoadhiniwa Bi Zuhura akabisha hodi na sinia: mbaazi za nazi, mikate ya mofa, na kaimati bado zina moto. Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu, na yeye kazipikia thawabu zake tangu alasiri. Akakaa kitako kunitazama nikila. Ningesema nini? Nilikula. Wallahi, nilikula sahani nzima ya mbaazi, nikajiambia haluli itazifagia.

Haikuzifagia. Asubuhi yake daktari alitia mpira wake kidogo tu, akautoa. "Mwalimu," akaniuliza, "jana ulikula mbaazi?" Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo nililala pale ubavu, kanzu ya hospitali iko wazi nyuma, nikamjibu hapana.

Akanipa siku nyingine. Nesi naye akanionya kwamba safari hii watanipa dawa ya usingizi, na asiyekuja na mtu wa kumrudisha nyumbani hapimwi. Watoto wangu wote wako mbali. Ndiyo maana leo adhuhuri nilimwita kaka yangu mkubwa, Twahir.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Waumwa?"

"Siumwi."

"Basi wenda kutafuta nini? Ajitafutiaye maradhi huyapata. Na mwanamume akutazame huko nyuma, mtu mzima wewe, mjane wa watu! Huoni haya?"

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nikamwambia, "Mficha uchi hazai, Kaka. Nimezaa watoto wanne, na wa nne nilizalishwa na daktari mwanamume. Hukusema kitu. Ulikuja na halua."

Akasema lile lilikuwa jambo la heri. Nikamwuliza na la kutaka kuishi ni la shari? Akainuka, akachukua kofia yake, akasema hawezi kukaa hospitalini watu wamwulize dada yake yuaumwa nini. Nikamwambia hata Mwanamisi hakutaka kuulizwa. Alivaa viatu vyake pale mlangoni bila kuniangalia, akaenda zake. Nampenda kaka yangu, lakini leo nilimchukia kwa muda wa kushuka ngazi zile.

Na magharibi, hodi! Bi Zuhura tena, na sahani chini ya kawa. Kaona sijapika kutwa, akadhani nalipa kadha, siku za Ramadhani zilizonipita. Harufu ya samaki wa kupaka ilinifikia kabla yake, na tumbo likanguruma mpaka akalisikia.

Nilisimama mlangoni nisimpishe. Nikamwambia kweli yote, pale pale, kwa sauti ya darasani, na kina mama wa nyumba ya pili madirishani. Kwamba sikufunga leo wala Jumatatu ile. Kwamba nakwenda kutiwa mpira nyuma kwa sababu sitaki kufa kama dada yangu. Kwamba sina hata mtu wa kunirudisha nyumbani.

Akaitazama sahani yake. Kisha akasema, "Kumbe ile haikuwa futari? Na thawabu zangu?"

Sikujua nicheke au nilie. Niliomba radhi, na nilimaanisha. Akageuka na sahani yake, akaenda kwake bila kuaga, nami nikafunga mlango nikasema basi, huyu naye nimempoteza.

Haikupita nusu saa akarudi. Kabeba chupa ya sturungi ya tangawizi, kaichuja kwa kitambaa, haina hata chembe. Akanimiminia kikombe. "Kesho twatoka saa moja na nusu," akasema. "Nitavaa buibui langu jipya, wasidhani umeletwa na mtu hivi hivi." Halafu, akiwa ashafika mlangoni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama wanampima hata mtu wa miaka hamsini na sita asiyeumwa. Nikamwambia huyo hasa ndiye wanayemtaka.

Isha ishaadhiniwa. Haluli imeanza kazi yake, nimeacha kalamu mara tatu nikikimbilia chooni, na mara zote tatu nimeuacha mlango wa chumba wazi, sina tena la kuficha.

Huenda kesho wakaona kitu, huenda wasione. Naogopa, sitajifanya shujaa. Ila safari hii nesi akiniuliza jana nilikula nini na nimekuja na nani, nitamjibu kweli.