Chumba cha Mama Mjini

Bakoba, Bukoba

Dada Renatha,

Sisi tu wazima, na mvua imeshika tangu Jumapili.

Uliniuliza kwa nini Mama amerudi kijijini Kishanda kabla ya kumaliza kliniki. Nilikujibu kwamba amekikumbuka kibanja chake cha migomba, maana ndivyo alivyoniaga. Jana jirani yake wa hapa, Ephrasia, alinieleza ukweli.

Uliponiomba nimtafutie Mama chumba karibu na hospitali, niliingia nyumba ya kwanza, nikaona bati halivuji, nikasema panatosha. Choo kiko chini ya mteremko, wala sikwenda kukiona. Mama na magoti yake mabovu alikuwa akiteremka kwa makalio, akishikilia nyasi. Alimkataza Ephrasia asiniambie.

Leo nimemfuata Kishanda. Nimemkuta akimenya ndizi na majirani, akiwasimulia, "Kahangwa alinipatia chumba kizuri sana mjini." Wote wakanishukuru. Nikainamisha kichwa.

Nimemsihi turudi, akasema, "Usijisumbue, mwanangu." Mpigie wewe, Dada, atakusikiliza. Safari hii nitazunguka naye, achague chumba mwenyewe, hata tukimaliza wiki nzima.

Ni mimi mdogo wako, ninayeona haya hata kukuandikia,
Kahangwa