Nguzo ya Bibi na Drili ya Baba Mdogo

Lotofaga, Upolu,
Samoa.
3 Novemba

Mpendwa Shangazi Telesia,

Natumaini barua hii inakukuta ukipumua vizuri. Je, kifua kimepoa, au baridi ya Dunedin bado inakusumbua? Sisi hatujambo, ila mguu wa Mama huvimba jioni. Mimi ningali karani katika duka la vifaa vya ujenzi kule Apia, na bosi bado hajanifokea mwezi huu.

Tafadhali, barua hii isome peke yako. Inamhusu mdogo wako, Baba Mdogo Tuiloma.

Tangu arudi kutoka Sydney na kupewa cheo cha ukoo, anajiona fundi wa kila kitu. Alikuja na drili ndogo ya betri na boksi la biti za kutobolea, za rangi ya dhahabu, akatangaza kuwa yeye ndiye atakayemalizia nyumba ya Bibi. Ilikuwa imebaki nguzo moja ya mpoumuli, ule mti mgumu wa huku, ikiwa imelazwa juu ya magogo itobolewe tundu la bolti ya kushika boriti. Mti mwingine wa unene ule hatuna, vimbunga vinakaribia, na Bibi analala kwa mchungaji.

Niliposikia habari za biti zile niliogopa. Ni za kutobolea chuma; juu ya mti mgumu huteleza na kuunguza. Nikaleta biti ndefu ya kutobolea mbao, yenye ncha ya skrubu, mkia wake mwembamba uingie katika mdomo wa drili ile ndogo.

"Hiki nini, Lafaele? Cha kuzibulia chupa?" akauliza Baba Mdogo.

Vijana waliokuja kusaidia wakacheka.

"Ni cha mbao, Mheshimiwa," nilisema nikiwa nimeinama.

"Zangu zinakula chuma, wewe! Mti ni nini?"

Kisha, Shangazi, akaketi na kukunja miguu kama yuko kikaoni. Kutoboa nguzo kwa kukaa! Heshima yake haimruhusu kupiga magoti. Na akikaa mwenye cheo, nani atathubutu kusimama juu yake? Tukawa tunatambaa kuizunguka nguzo kama kaa, wanaume wazima.

Biti ya dhahabu ikacheza juu ya mti, ikachora mikwaruzo, moshi ukapanda. Yeye akatabasamu, kwani kwake kelele ndiyo kazi.

Bibi, aliyekuja kutazama, akamwuliza, "Wee mtoto, unatoboa au unakausha samaki?"

Hapo akaninyang'anya biti yangu. Nikamnong'oneza, "Gia ya kwanza, Mheshimiwa, polepole." Akaweka ya pili. Ncha iling'ata mti, biti ikakwama, drili ikazunguka yenyewe na kumtandika kidevuni.

"Mbovu hii! Leteni nyundo na ule mtaimbo. Tutalitoboa tundu kwa nguvu."

Mtaimbo ungeipasua nguzo, Shangazi. Nyundo ilipofika mkononi mwake, nikasimama. Mbele ya watu wote, juu ya kichwa chake. Nikaokota drili, nikarudisha gia ya kwanza, nikajikita kwa miguu yote miwili na kuikandamiza, nikitoboa kidogo na kuivuta biti ili itoe maranda. Tundu likatokea upande wa pili, safi, na bolti ikapita.

"Nani amekuruhusu kusimama?" akauliza Baba Mdogo. Wala hakulitazama tundu.

Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu ukoo unakutana kunihukumu kwa kusimama kule. Wewe ni dada yake, na neno la dada halipuuzi hata yeye; ukiweza, mpigie simu.

Nisalimie mjomba Vaelua na binamu zangu Malae na Sinapati. Mungu akuzungushie mikono yake huko baridini.

Jana Bibi alilala kwake. Kwa hiyo Jumatatu nitaomba radhi kwa kusimama, nikiwa nimejifunika mkeka kichwani kama desturi. Kwa lile tundu sitaomba.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye daima,
Lafaele