Tata, Nilikufuta kwa Mkono Wangu

Tata,

Mama hajui kwamba nakuandikia. Angeuliza barua hii itapitia posta gani. Lakini nisipokuambia wewe, baba yangu, nitamwambia nani?

Unakumbuka siku ile pale kituo cha kununulia majani chai, watu wa Nyamache walipokataa kupewa namba za wakulima? Walisema wao si ng'ombe wa kupigwa chapa. Wewe ndiye uliyesimama, ukawaambia kompyuta ya Nairobi wasiiogope. "Mashine hiyo ni mikono ya binti yangu. Haiwezi kumtupa mtu." Wakakubali kwa ajili yako. Mimi nilikuwa nyuma yako, viatu vya kisigino kwenye tope, kichwa kimevimba.

Sasa sikia mikono hiyo ilichofanya.

Baada ya mazishi yako nilirudi kazini Nairobi, kwenye kompyuta ile. Kwenye rundo la karatasi nikakuta jina lako: Ombati, amefariki, namba ifutwe. Mwenzangu wa meza ya pili alinyoosha mkono aichukue, nikamkatalia. Niliogopa msimamizi asije akasema naleta mambo ya nyumbani ofisini. Nikaitoboa kadi ya kuiambia mashine ikufute, bila kosa, Tata, halafu nikaenda kunywa chai. Chai, hebu fikiria.

Sikumfikiria Mama. Shamba ni lako, namba ni yako. Yeye mashine haikuwahi kumjua. Alipofika kwenye mizani na kikapu chake, karani akamwambia mwenye namba hayupo tena, hawezi kumpimia. Zamani wangesema, "Huyu si ndiye mke wa Ombati?" wakampimia tu. Aliketi pale mpaka majani yakanyauka, kisha akayamwaga njiani. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema tu, "Labda mikono yako ilikuwa imechoka."

Halafu mke wa kaka Nyakundi akajifungua mvulana, mtoto akapewa jina lako, kama desturi yetu, kwamba aliyekufa hurudi kwa jina. Kitovu cha mtoto hakijapona vizuri, Mama akamfunga mgongoni akashuka naye mpaka kwenye mizani. Akamwambia karani, "Ombati huyu hapa. Amerudi." Karani ni kijana wa kwetu, angebishaje? Akaandika kwamba Ombati yupo, karatasi ikatumwa Nairobi.

Ikaja mezani kwangu. Msimamizi, ambaye si mtu wa kwetu, alicheka, akauliza mtu anayenyonya atachumaje chai. Sikucheka. Nilimwambia kwetu ndivyo ilivyo, nikaitoboa kadi kabla hajamaliza kufikiri. Mashine ikakupokea upesi, upesi uleule iliokufutia. Mama anauza majani tena.

Ila mimi sijatulia. Watu waliamini neno lako, Tata. Kuna wajane wasio na mjukuu wa kumfunga mgongoni wala binti Nairobi. Karatasi za waume zao zinapita mezani kwangu kila juma, nami natoboa.

Kuanzia Jumatatu, kila karatasi ya aliyekufa nitaiweka kando mpaka nijue ni nani aliyebaki na kikapu. Wakinifukuza, nitarudi kuchuma na Mama.

Pumzika, Tata. Mtoto amechukua masikio yako. Nikija likizo nitamwomba yeye msamaha, maana ndiye anayeweza kunishika kidole.

Binti yako,
Moraa