Begi la Mama Mkwe

Jumapili, 3 Agosti

Hema limekwisha! Nimepiga mshono wa mwisho, nimelikunja, nikalirusha juu na kulidaka kwa mkono mmoja. Hema la watu wawili! Nailoni yote nimeikata mwenyewe kwenye meza ile ile ninayokatia mapazia ya watu. Nionyesheni fundi mwingine mjini anayeshona hema la kurushwa kama chungwa. Najisifu, ndiyo. Nani anasoma?

Jioni kikao cha wapanda mlima, dukani kwangu kama kawaida. Wapanda mlima wenyewe watatu: mimi kwenye kiti cha cherehani, Nesi juu ya meza, Mwalimu kasimama, maana akikaa hawezi kuhutubia. Safari hii tunaukabili mlima mkubwa, likizo ya shule ikianza. Mwalimu kaleta ramani aliyoikata kwa mkasi, kabakiza ukanda mwembamba wenye njia yetu tu. Eti sehemu nyingine ni uzito wa bure. Nesi akamuuliza, tukipotea je? Akasema hatuendi kupotea. Nilicheka hadi sindano ikanidondoka.

Basi tukiwa katika kucheka, mama mkwe akatoka nyuma ya pazia la kujaribia nguo, gauni jipya bado lina pini mabegani. Alikuwa kimya huko muda wote! Akatutazama mmoja mmoja, akasema: "Na mimi naenda."

Tukadhani utani. Sio utani. Kasema tangu aletwe mji huu bibi harusi anaosha vyombo kwenye dirisha linaloutazama mlima ule. Kaosha masahani ya mume, ya watoto, ya wajukuu, mlima uko pale pale unamtazama. "Sasa nataka niende juu, na mimi niliangalie dirisha langu."

Mwalimu akajikohoza, akamweleza sheria yetu. Kwetu kila mmoja anabeba chake. Safari ya kwanza tulibebeana, tukashuka hatusemezani, hatutaki tena. Mama akasema, kwani nani kaomba kubebewa?

Jamani, huyu bibi!

Jumanne, 5 Agosti

Baba watoto kasikia. Kijiko kikabaki hewani. Mama mlimani? Na magoti yale? Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemroga. Mama yake akamwambia amalize kula, chakula kinapoa. Akamaliza kula. Mwanamume mzima, fundi umeme anayeshika nyaya za moto bila kutetereka, mbele ya mama yake ananywea kama mtoto.

Nesi kampima presha Mama, kampandisha ngazi za hospitali hadi ghorofa ya juu kabisa. Moyo mzima. Mapafu mazima. Magoti ndiyo ya kuombea. Akatoa hukumu: aende, lakini mzigo usizidi kilo sita, pamoja na maji.

Kilo sita! Begi tupu la dukani peke yake lina kilo mbili. Nikasema niachieni mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo Mama kamwaga vitu vyake kitandani tuvichambue. Blanketi la sufu. Chupa ya chai ya bati, ile kubwa ya wageni. Kioo cha mezani. Viatu vya kuvaa "tukifika".

Tukifika wapi, Mama? Kileleni kuna ukumbi?

Tukaanza kuvutana. Blanketi kalitoa bila shida, nikaahidi kumshonea kifuniko cha manyoya laini, chepesi kama pumzi. Viatu vikatoka. Kioo kikatoka kwa manung'uniko. Chupa ya chai hakubali! Nikamwambia, Mama, hii chupa ni nzito kuliko hema. Akasema basi atalala kwenye chupa. Tumecheka wote wawili mpaka baba watoto akachungulia kuona kuna nini. Mwisho kakubali chupa ya plastiki, lakini kasema chai yake itakuwa na ladha ya ndoo na lawama ni zangu.

Nampenda. Sijawahi kumwambia, ila nampenda.

Jumatano, 13 Agosti

Begi lake nimelikata upya: kamba pana za mabegani, hakuna mifuko ya pembeni, hakuna zipu, mdomo unafungwa kwa kamba. Kifuniko cha kulalia kimekwisha pia. Vidole vinawaka. Wateja wa mapazia wananisubiri na wataendelea kusubiri.

Mwalimu kapita akaiona shajara hii. Anataka nichane kurasa nilizokwisha kuandika, kwa sababu "zimeshafanya kazi yake." Toka hapa!

Jumapili, 17 Agosti

Mazoezi kwenye kilima cha minara ya simu, Mama na begi lake limejaa kama litakavyokuwa siku yenyewe. Anatembea taratibu, hatua fupi fupi, hasemi. Mara mbili nilitaka kunyoosha mkono nimsaidie. Mara mbili alinitazama na nikaurudisha mkono mfukoni. Alifika juu jasho linamtiririka, miguu inamtetemeka, akakaa juu ya begi na kusema: "Nimelileta."

Hakusema nimefika. Kasema nimelileta. Njia nzima ya kurudi anaimba.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku ya mizani! Kama kila safari, tumeenda kwa jamaa wa bucha, naye kama kila safari katutania: mnauza nyama gani leo? Mabegi yakaning'inizwa kwenye ndoano, katikati ya mapaja ya ng'ombe. La Mwalimu jepesi mno, anatia aibu. La Nesi lina dawa alizozihamishia kwenye vichupa vya matone ya macho, bila lebo hata moja. Safari iliyopita alijipaka midomoni dawa ya misuli, tukamsikia kambi nzima.

La Mama, pamoja na hema letu sisi wawili: chini ya kilo sita! Wateja wa bucha wakapiga makofi. Mama akainamisha kichwa kidogo kama malkia.

Kisha lakiri. Mabegi yakishapimwa, nayafunga midomo kwa uzi mwekundu, fundo langu la kifundi, na yanalala dukani. Haufunguliwi uzi mpaka kambi ya kwanza. Hii ilianza baada ya Nesi kukutwa na mto wa kulalia alioupenyeza baada ya mizani. Mchana huo nikaacha ufunguo wa akiba kwa jirani, kama kawaida, kwa yeyote atakayekuja kuacha fimbo au viatu.

Jioni baba watoto akaja dukani. Akasimama mbele ya begi la mama yake, mikono nyuma. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mama ni mmoja. Kwamba mimi nina mabega. Nipunguze kidogo tu, hatajua. Nikamwambia aondoke na maneno yake. Akaondoka.

Nikabaki nalitazama lile begi. Dogo. Nikakumbuka miguu ikitetemeka kule kilimani. Haya, nimefanya: nimekata uzi, nimetoa kifuniko cha kulalia, nimekitia kwenye begi langu, na pale kilipokuwa nimejaza vipande vya mapazia ili lisinywee. Nikafunga uzi upya. Kitu kimoja tu. Ni upendo, siyo udanganyifu.

Mbona basi sina raha?

Jumamosi, 23 Agosti

Tuko kambi ya kwanza. Niandike haraka, kabla jua halijazama, mikono inaganda.

Asubuhi tulianza vizuri ajabu. Nilipochukua begi la Mama dukani niliona fundo la uzi limekaa ovyo, nikajisemea, hiyo ni mikono yako ya jana, ilikuwa na hatia. Lango likafunguliwa, tukaingia msituni, na Mama — sijui nisemeje — Mama aliruka! Mbele yetu wote. Ananyoosha mgongo, anasalimia watu. "Vifaa vya kisasa, jamani! Begi halisikiki!" Kijana mmoja alikuwa ameegemea mti anahema, Mama akampa moyo: vumilia, baba, na mimi nimebeba.

Mimi nikawa naangalia mizizi. Nesi naye ghafla kamba za viatu zikawa hazimwishi kufungwa. Mwalimu anakohoa tu. Nikadhani ni hewa ya juu.

Tukafika. Mama akaketi kwa heshima zake, akakata uzi mwekundu, akaingiza mkono atoe hema letu.

Akatoa pazia. Kipande cha maua ya njano. Akaingiza tena: pazia la mistari. Tena: kitambaa cha sare za shule. Akaendelea kutoa, taratibu, anapanga mapajani kama anayekunja nguo zilizokauka. Mwisho ikatoka chupa ya maji na mswaki.

"Hema ni lipi hapa?" akauliza.

Halafu Mwalimu akafungua begi lake akatoa hema. Macho yakanitoka pima. Nesi akafungua lake akatoa koti la Mama, soksi za Mama, chakula cha Mama. Nami, nifanyeje, nikatoa kifuniko.

Sote watatu! Kila mmoja kwa wakati wake, kwa ufunguo ule ule wa jirani, kila mmoja akidhani wenzake ni waaminifu na vitambaa alivyovikuta ni matandiko ya Mama! Baba watoto aliwazungukia wote. Kwa Nesi alilia kabisa. Mwalimu, mtunga sheria mwenyewe, kaja alfajiri kwa kisingizio cha kofia, akajaza vitambaa vyangu vya sakafuni na kufunga uzi kwa fundo la viatu.

Nesi alianza kucheka, akazuia, akashindwa. Mama naye akacheka, sana, mpaka akajifuta machozi kwa pazia la mistari. Nikashusha pumzi. Kisha akalikunja lile pazia.

"Kwa hiyo leo nimebeba nini?"

Nikasema, mapazia, Mama.

"Na yule kijana nikamwambia na mimi nimebeba."

Hakufoka. Bora angefoka. Alisema tu turudishe vyake, vyote, na tukavirudisha mbele yake kimoja kimoja. Nimeona haya ambayo sijawahi kuyaona. Nilijipa sifa ya upendo kwa kumnyang'anya kitu pekee alichokuja kukifanya. Nimemwomba radhi ndani ya hema. Kasema lala, mwanangu, kesho tuna njia.

Jumapili, 24 Agosti

Asubuhi. Kileleni kweupe, hakuna wingu hata la dawa. Hali ya hewa kama hii hupati mara mbili.

Nimeamka, Mama hayupo pembeni. Nimetoka nje, namkuta keshavaa begi, limejaa haswa, kamba zimemzama mabegani. Nikafurahi. Nikamwambia, Mama, umewahi, ngoja tunywe chai tupande.

Akasema yeye hapandi. Anashuka.

Nikaanza tena kuomba radhi. Akanikatiza. Kasema hana hasira na mtu, kalala vizuri, na hema langu ni zuri. Ila jana haikuwa safari yake. Jana alitembea na mapazia. Anashuka hadi langoni, anageuka, anaanza upya na kilo zake.

Mwalimu akatoka akitambaa, nywele zimesimama, akajaribu kufundisha. Kwamba sheria inahusu mizani, haihusu njia. Kwamba tuna chakula cha siku moja ya akiba tu, tena ya mvua, na tukiila leo kisha mvua ije, hakuna atakayeona kilele, si yeye si sisi. Kwamba anaweza kuhesabu kuanzia hapa, nani atajua?

"Nitajua mimi," Mama akasema. "Na sheria ni yenu, mliitunga nyinyi. Nyinyi pandeni. Nitawakuta."

Mwalimu kasimama na ukanda wake wa ramani, anautazama kana kwamba jibu lilikuwa kwenye ile sehemu aliyoikata. Nesi kashika mashavu, kisha katikisa kichwa na kuanza kung'oa vigingi vya hema lake bila kuuliza mtu.

Mama keshaondoka. Namwona kutoka hapa nilipokaa, hatua fupi fupi, anashikilia fimbo, anajiinamia kwenye mteremko. Magoti yanamsumbua, naona. Haharakishi. Kundi la watu linapanda, wamekutana naye pale kwenye jiwe kubwa, wamempisha njia. Sauti inafika hadi huku: wanampa pole, wanamwambia asijali, mama, hata wengine wameshindwa.

"Nishindwe wapi?" — yeye huyo, mlima mzima unasikia. "Ndiyo kwanza naanza!"

Mwalimu kakunja ramani. Anatafuta begi lake. Nesi anapiga kelele nifunge hema haraka, tutamwacha bibi wa watu peke yake msituni. Naacha hapa, kiatu changu kimoja hakionekani —