Juzuu Zilizofungwa Kushoto

Temeke, Alhamisi jioni

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Shemeji naye namwamkia, na natumaini kifua cha Mama kimetulia tangu mvua zikatike. Mie mwili mzima, ila moyo hauna amani. Naogopa, Kaka. Nakuambia wewe kwa kuwa kufunga vitabu ulinifundisha wewe, hapo misheni.

Bwana Sefu, mwenye kiwanda chetu cha chapa, alipewa kazi na mwalimu wa chuo cha Kurani hapa mtaani: juzuu za Kurani za kusomea wanafunzi wake. Yeye huchapa, mie na mwenzangu Hamisi hushona na kutia majalada. Juma hili Hamisi kashikwa na homa, nikabaki peke yangu, na kiherehere changu unakijua. Nikapanga kurasa, nikatoboa, nikashona, nikapaka gundi, nikakata kingo zikanyooka, huku naimba. Kumbe mgongo nimeuweka kushoto, kama vitabu vyetu vya nyimbo za kanisani. Kiarabu husomwa kuanzia kulia, Kaka. Juzuu zote zinafunguka kinyume. Hata nikizifumua hazishoneki tena, maana upande wa kulia, palipoachwa nafasi ya sindano, ndio nilioukata.

Leo asubuhi Hamisi karudi, kafungua moja, akaona. Nikamwambia natoroka. Akanishika mkono, akasema nikikimbia ndipo watu watakaposadiki kwamba nimefanya dhihaka. Na hilo ndilo linalonitetemesha kuliko kufukuzwa kazi. Mkristo niko peke yangu mtaa huu. Nani atakubali kuwa sikukusudia?

Bwana Sefu alipoingia akaziona, akauliza ni kazi ya nani. Hamisi akaniwahi.

"Yangu."

Mzee akamtazama. "Wewe umehitimu msahafu ukiwa mtoto. Mkono wako haujui kukosea upande."

Nikasema ni mie. Hakunifokea, na hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Alisema tu kwamba kesho, watu wakitoka sala ya Ijumaa, nizipeleke mwenyewe kwa mwalimu, nimweleze kwa kinywa changu mbele ya wazazi wa watoto. Hamisi kazifunga katika kitambaa cheupe, kanionya nizibebe kichwani, nisizishushe chini ya kiuno. Anasema atasimama nami. Homa yenyewe haijamwisha, maskini.

Mama msomee salamu tu, haya mengine yaruke. Shangazi mfinyanzi mwambie namkumbuka. Mjomba mpiga kengele mwombe anitaje kanisani, asiulize kwa nini.

Najua barua hii itakapokufikia, Ijumaa itakuwa imekwisha pita, na la kunipata litakuwa limenipata. Niombee hivyo hivyo, Kaka.

Ni mie mdogo wako,
Yohana