Mifuko ya kijani kwenye piki ya Masika

Alhamisi, saa sita. Mvua ilinyesha usiku wote, asubuhi ikaacha, lakini wingu limekaa juu ya ziwa na halina haraka ya kwenda. Mulima hauonekani. Niko mbele ya mashine yangu ya kushona hapa Majengo, Goma, na tangu asubuhi sijamaliza hata pindo moja.

Masika alipaswa kurudi jana.

Kwa ninyi munaosoma hapa mara ya kwanza: Masika ni mutoto wangu wa kwanza. Infirmieri, muuguzi wa diplome ya A1, na si ile ya kununua. Kila Jumatano anapeleka dawa kwenye santre ya afya huko milimani, ukipita Sake, na siku hiyo hiyo anarudi kabla jua halijazama. Hangojei lori, habebwi na mutu. Anaendesha mwenyewe piki ya marehemu baba yake. Blogu hii pia yeye ndiye alinifungulia. Alisema, mama, sifa zako zinanimaliza masikio, andika huko, dunia isikie. Nikaandika. Leo nitaandika hata kile ambacho sikutaka dunia isikie.

Piki yenyewe si hizi za taksi. Ni piki ya safari ndefu: tanki kubwa kama tumbo la ng'ombe, kiti kipana, miguu mirefu ya kupita juu ya mawe. Muzungu mumoja alikuwa anazunguka nayo Afrika. Alipofika kwenye barabara zetu akachoka, akamuuzia mume wangu, yeye akapanda ndege. Mume wangu akafanya nayo biashara kati ya Butembo na hapa, miaka mingi. Alipokufa, watu walikuja kwenye kilio na ushauri wao: uza, mama, mwanamuke ataifanyia nini?

Nikawajibu: ataiendesha.

Na mimi ndiye ninayeitunza. Vumbi la volkano ya hapa ni jeusi na linakata. Linakula cheni, linaziba chujio cha hewa. Kwa hiyo kila Jumanne, Masika akitoka kazini, tunaitoa uani. Cheni ninaiosha kwa petroli na muswaki wa zamani, ninaipangusa, halafu ninaitia mafuta tone kwa tone, kiungo kwa kiungo, na sikubali mutu aniharakishe. Chujio ninalikunguta, ninaliosha, ninalianika. Mwishowe ninamuambia Masika awashe, mimi ninafumba macho na kusikiliza. Mafundi wa barabara kuu wananiita Enjeniere. Wanacheka, ndiyo, lakini piki ikiwashinda ni mulango wangu wanaugonga.

Na kuipamba pia ni mimi. Kifuniko cha kiti, cha ngozi nyekundu yenye nyuzi nyeupe, nimekishona mwenyewe. Vyuma vya ubavuni, vya kulinda injini ikianguka, nilisimama nyuma ya muchomeleaji mpaka akavirudia mara tatu. Wiki hii nilikuwa na kazi mupya: mifuko miwili mikubwa ya ubavuni, mumoja kuume, mumoja kushoto, imeunganishwa kwa mukanda mupana unaopita juu ya kiti. Mara ya mwisho mvua ililowesha maboksi ya dawa, na Masika alirudi anaona haya kama vile yeye ndiye aliyenyesha. Nikasema hapana, si mutoto wangu.

Sokoni nikapata turubai ya hema la zamani. Nzito, haipitishi maji hata ukiimwagia ndoo. Ndani nikaweka bitana ya kitenge cha wamama wa parokia, cha buluu chenye maua meupe, kilichobaki kwenye sikukuu. Niliishona siku mbili. Jumanne nikaining'iniza kwenye piki na kuita majirani waje kuona.

Turubai ilikuwa ya kijani.

Hapo ndipo ninapaswa kusema habari ya Mama Furaha. Ni mwanamuke wa Masisi, alikimbia vita na watoto wake wanne, na sasa anaishi kambini Mugunga. Kila Jumanne anatembea mpaka kwangu, ninampa vipande vya vitambaa vinavyobaki, yeye anaviunganisha kuwa mbeleko na kuuza. Mutu wa maneno machache. Jumanne alifika wakati majirani wamejaa uani, na mimi niko katikati ninaonyesha.

Aliizunguka piki mara moja. Halafu akaniambia polepole, "Mama Masika, hiyo rangi itoe."

Nikamuuliza rangi ina kosa gani. Akasema kule njiani rangi hiyo ni ya wenye bunduki. Ukikutwa nayo, kila upande utakuhesabu wa upande mwingine.

Mimi nilisema nini? Nilisema, mbele ya watu wote, "Mama Furaha, kama unataka yako, sema tu, nitakushonea mufuko wa kubebea vitambaa."

Watu wakacheka. Yeye akainama, akaokota vipande vyake. Alisema pia kitu kuhusu koti la mume wake. Sikusikiliza. Nilikuwa ninafungua na kufunga kifungo, ili jirani aone jinsi kinavyokaza.

Masika alikuwepo. Jana alfajiri akafunga maboksi yake, akaondoka.

Leo asubuhi mwendesha taksi mumoja aliyetoka Sake alisimama hapa nimushonee kiti kilichopasuka. Anapiga hadithi tu, hajui kitu. Akasema kwenye bariyeri ya huko, pale wenye bunduki wamefunga njia, tangu juzi hawaulizi karatasi kwanza, wanaangalia rangi. Muzee mumoja wa kuuza kabichi wamemupiga kwa sababu ya kofia.

Sindano ikaniingia kidoleni. Sikusikia uchungu mpaka nilipoona damu kwenye kiti cha watu.

Koti la mume wake. Sasa ndiyo ninalisikia. Alisema, "Mume wangu walimuchukua juu ya koti, sababu ya rangi yake tu."

Simu ya Masika haipatikani. Rezo ya simu ya kule milimani imekatika tangu jana muchana. Nimepiga mpaka simu imepata joto. Nimewasha mushumaa mbele ya Bikira, nimeuzima, nimewasha tena. Wateja wawili nimewarudisha. Ninajua kelele za injini zote zinazopita hapa, na hakuna hata moja ambayo ni yake.

Nilimushonea mutoto wangu mifuko ya kumupelekea kifo, na nikaita watu waje kuiona.

Saa saba. Hakuna kitu.

Saa nane. Nimeenda mpaka barabara kuu, nimesimama kando. Watu wanashuka kutoka upande wa Sake na magodoro vichwani. Nimemuuliza mama mumoja kama amekutana na msichana mwenye piki kubwa, kiti chekundu. Akanijibu kwamba yeye hakuangalia piki, aliangalia watoto wake. Nimerudi nyumbani. Niache kuandika, mikono haitaki.

Saa kumi.

Nilikuwa ndani, ninakunja kitu ambacho nimekikunja tayari. Nikasikia. Ilikuwa mbali, nyuma ya kelele za taksi, ile sauti nzito yenye kikohozi kidogo ikipunguza mwendo. Na chini yake kitu kingine: cheni imelegea, inapiga kifuniko chake. Nilitoka miguu mitupu. Nilisimama kwenye mawe ya mulangoni nikisema cheni imelegea, cheni imelegea, na machozi yananitoka, jirani akafikiri nimerukwa na akili.

Masika akaingia uani. Matope mpaka kwenye nyusi. Muzima. Akatoa kofia ya chuma, akanitazama.

Nami nikaona mifuko. Si ya kijani. Ni ya buluu yenye maua meupe, imelowa, imechafuka, na juu ya mukanda kuna mishono mikubwa ya uzi wa gunia, imepinda, ya aibu kabisa.

Nataka kuandika kwamba nilimukumbatia kwanza. Sikumukumbatia kwanza. Nilisema, "Nani ameharibu kazi yangu?"

Masika akacheka mpaka akashika tanki. Halafu akaketi kwenye ngazi na kunieleza.

Jana alipofika Mugunga, bado giza halijaisha vizuri, alimuona mwanamuke amesimama katikati ya barabara, mikono imenyoshwa. Akafunga breki. Alikuwa Mama Furaha. Alikuwa amesimama hapo tangu saa kumi na moja, na sindano na uzi wa gunia mukononi, anaogopa asipitwe. Akamuambia, "Shuka, mutoto. Mama yako ana macho ya kushona, ya barabara hana."

Wakatoa maboksi. Wakafumua mukanda, wakageuza mifuko ndani nje, maua yakaja juu. Mama Furaha akaushona mukanda upya kwenye magoti yake, pale pale kando ya njia, na watoto wake wanashika maboksi yasiguse matope.

Kwenye bariyeri, mwenye bunduki mumoja aliyashika maua kwanza. Akamuuliza kama anahamisha altare ya kanisa. Halafu akaingiza mukono ndani ya mufuko. Masika anasema hapo moyo wake ulisimama, maana kijani kilikuwa huko ndani. Lakini alikuwa amejaza maboksi mpaka juu, na mukono uligusa boksi la kwanza. Akauliza ni nini. Masika akamujibu, "Sindano. Nikupige moja?"

Akatoa mukono haraka. Wenzake wakamucheka, akamufungulia njia.

Alilala kule santre sababu bunduki zililia karibu na barabara. Leo zikanyamaza, akarudi, maboksi matupu yamejaza mifuko vile vile.

Nilimuuliza kama Jumanne na yeye alijua habari ya ile rangi. Akaangalia chini. Akasema alijua, alitaka kufika njiani aifunike kwa kitenge chake. Mbona hakuniambia?

"Ulikuwa na furaha sana, mama."

Basi hapo ndipo nilipoketi na mimi kwenye ngazi.

Tumekaza cheni pamoja kabla ya kula. Nimeiosha, nimeitia mafuta, kiungo kwa kiungo, na safari hii nilikuwa nikikawia kwa makusudi, ili Masika abaki karibu. Injini inaimba. Hiyo bado ni kweli, na nitaisema mbele ya mutu yeyote: hakuna piki inayotunzwa hivi Goma nzima. Na bitana, ni mimi niliyeiweka. Nilitaka kulisema hilo pia, nikaliacha kinywani.

Ile turubai nitaifumua kesho, niichome, hata kipande kisibaki. Maua nitayashona juu ya kitu kingine kisichopitisha maji, cheupe, au cha njano kama kifaranga, sijali. Lakini ule mukanda wenye mishono ya gunia siugusi. Utapita juu ya kiti changu chekundu hivyo hivyo ulivyopinda. Mafundi wakicheka, wacheke.

Baada ya hapo nitatembea mpaka Mugunga. Sitangoja Jumanne, sitamungoja yeye aje kwangu. Nimekaa hapa ninatafuta neno la kuanzia, mimi ambaye maneno hayajawahi kunipungukia. Miezi yote hii ninampa vipande, ninamuita kwa jina la mutoto wake, ninamuonyesha kazi zangu.

Yule mume, aliyechukuliwa juu ya koti, sijawahi kumuuliza hata aliitwa nani.

Kesho nitaanza na hilo.