Cheti Kilicho Ukutani Kianjai

Alhamisi, Meru mjini. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kukaa na sweta ndani ya nyumba.

Leo tumeshinda. Naandika hivyo nione kama nitasikia chochote. Sisikii.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi hufundisha huduma ya kwanza. Sina taasisi kubwa. Nina kibali, begi la bandeji na mdoli wa kufundishia kufinya kifua. Tuko wengi wa aina yangu, kuanzia Runyenjes hadi Mikinduri, na tuna chama chetu. Kaunti ilikuwa imependekeza shule na biashara zikubali vyeti vya taasisi kubwa peke yake. Ingepita hiyo, sisi tungerudi kuchuma majani chai. Kwa hivyo tumeandika barua, tumebisha milango, tumeambiwa turudi wiki ijayo, tukarudi.

Leo kamati ya kaunti ikatuita. Mwalimu Njeru, mwenyekiti wetu, alistaafu ualimu zamani lakini bado anatuhesabu kabla hatujaingia mahali. Alikuwa ameamua niongee mimi.

"Kagendo, wewe una sauti ya mtu wa kanisa," akaniambia. "Watakuamini."

Wakaniamini.

Wacha niseme sasa kitu ambacho sijamwambia mtu.

Muhula uliopita niliwafundisha walimu wa shule moja ya chekechea huko Kianjai. Mdoli wa mtu mzima kila mmoja wetu ana wake, lakini wa mtoto ni ghali, chama kizima kina mmoja. Tunamwita Mgeni, kwa sababu halali kwa mtu zaidi ya siku mbili. Husafiri ndani ya gunia kwenye pikapu za miraa, na dereva akiulizwa amebeba nini, anasema amebeba mgonjwa. Siku hiyo Mgeni alikuwa Mikinduri. Nikangoja pikapu, haikuja.

Nikavua sweta yangu, nikaikunja, nikasema haya, huyu ndiye mtoto, amepaliwa na chakula. Walimu wakacheka hadi wakatoa machozi. Na mimi nikacheka. Nikawaonyesha mara moja: unamwinamisha hivi, unampiga mgongoni hapa, katikati ya mabega. Mvua ilikuwa imefunga na watu walitaka kufika nyumbani, hakuna aliyejaribu. Kwenye fomu kuna mahali pa kuthibitisha kwamba kila mmoja amefanya kwa mikono yake. Nikaweka alama, jina baada ya jina, nikatia sahihi cheti chao, wakakitundika ukutani. Nilijiambia nitarudi na Mgeni wiki inayofuata.

Sikurudi.

Wiki jana mmoja wa walimu hao, Nkatha, akanipigia simu. Msichana mdogo wa darasa lake alipaliwa na githeri saa ya chakula. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Nkatha akasimama tu.

"Madam, nilikumbuka sweta," akaniambia. "Nilikumbuka vile tulicheka. Mikono ikakataa kuanza."

Mpishi wa shule ndiye aliyemnyakua mtoto, akamwinamisha, akampiga mgongoni vile alivyomwona mama yake akifanya nyumbani, na punje ya mahindi ikaruka. Mtoto ni mzima, Mungu ashukuriwe.

Nkatha hakunilaumu hata kidogo. Aliniomba msamaha! Ati mimi nilimfundisha vizuri, ni yeye alisahau. Heri angenitukana.

Basi leo mheshimiwa anayeongoza kamati, mama mpole mwenye miwani, akaweka kalamu chini akaniuliza swali moja tu. Kila anayepata cheti chenu, huwa amefanya kwa mikono yake? Mwalimu Njeru alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni yasifurike. Wenzangu walikuwa wamekaa nyuma yangu, wamevaa suti za harusi.

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema. "Kila mmoja."

Sauti haikutetemeka. Ningependa kuandika kwamba niliumia hapo, lakini ningekuwa nadanganya mara ya pili kwa siku moja. Nilikuwa nafikiria viatu vyangu vinaingiza maji.

Wakakubali. Vyeti vyetu vitatambuliwa. Wenzangu walikumbatiana pale kwenye ngazi, na Mwalimu akatupeleka kula nyama.

"Umetuokoa, mwanangu," akaniambia, macho yamelowa.

Nikasema asante, Mwalimu. Walisema nyama ilikuwa tamu. Mimi nilitafuna tu.

Sasa ni saa kumi na moja jioni na Mgeni yuko hapa kwangu, kwa sababu ni zamu yangu kumtumia. Nimemtoa kwenye gunia nikamweka kwenye kiti. Mdomo wazi, macho wazi. Nikamgeuza aangalie ukuta, halafu nikamrudisha. Mtu mzima kuonea plastiki haya, jamani.

Nimeamua. Kesho asubuhi kabla ya kitu kingine chochote naenda Kianjai, na simpi dereva mdoli huyu, nitampakata mwenyewe. Kila mwalimu atamshika, wacheke wasicheke. Nimemwandikia Nkatha: "Kesho nakuja kuwafundisha tena. Tafadhali toa kile cheti ukutani kwanza."

Amejibu sasa hivi.

"Karibu sana Madam. Lakini cheti wacha kikae. Mama ya yule mtoto alikuwa amekataa kumrudisha shule. Leo alikuja, akakisoma hapo ukutani pole pole mpaka kwa sahihi yako, akaniambia sawa. Akamwacha."

Nimeisoma mara nne. Kisha nikamweka Mgeni karibu na mlango.